Shangazi wa Tabaka aliyetumwa kupima baridi ya Nyamira kabla sijapewa mke

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye jua na wenye barafu.

Humu jukwaani huwa nasoma tu na kunyamaza. Lakini jana nimepita kwenye uzi wa vijana wetu walioko Minnesota. Wanalia kwamba winter ya huko imewafungia milango, gari haliwaki, na ndevu zinageuka nyeupe kabla ya umri. Nikasema hapana. Hawa watoto wanadhani baridi ilizaliwa juzi, na ilizaliwa kwao.

Mimi ni mzee wa miaka tisini na kitu. Mjukuu alinifundisha kuandika kwa simu. Natumia kidole kimoja, cha pili nakipumzisha.

Haya ninayosimulia yalitukia miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa kuoa. Ni kweli tupu. Pale ambapo kweli ilikuwa fupi nimeivalisha viatu vya kisigino, lakini ni yenyewe.

Kwanza mjue ninazungumza kama nani.

Nilikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la pareto. Tulibeba maua makavu kutoka Keroka hadi Nakuru, na mara nyingine tajiri alilikodisha lori mbali zaidi, tukakaa mji mmoja wiki kadhaa tukingoja mzigo wa kurudi. Nikiwa Kisii, jioni nilisoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Nilimaliza nikapewa cheti, na tangu siku hiyo sijawahi kutumia neno moja mahali ambapo kumi yangetosha.

Kwa hiyo ninaijua miji kwa baridi zake, kama ninyi mnavyoijua kwa wifi zake.

Kisumu haina baridi. Nililala juu ya lori bila shati na bado nikaota naungua.

Nakuru baridi yake ina upepo, na upepo wenyewe una vumbi, kwa hiyo unatetemeka huku umefumba macho.

Nairobi, mwezi wa saba, jua huchukua likizo. Wingu linaufunika mji kama kifuniko cha sufuria, ila chini hakuna moto. Watu wanatembea mbio. Wewe mgeni unafikiri wana kazi nyingi, kumbe wanajipasha.

Kericho baridi yake ina adabu. Inakuja na mvua ya alasiri, saa ile ile, hata ukitaka kurekebisha saa yako unaweza.

Molo tuiheshimu. Nilifua shati jioni, asubuhi nikalikuta kwenye kamba limesimama wima, mikono imenyooka. Nikaliamkia. Dereva wangu alikuwa shahidi, ila bahati mbaya ameshafariki.

Sasa njooni kwetu, mlimani juu ya Nyamira.

Baridi yetu haina makelele. Mwezi wa saba ukungu unaingia nyumbani bila hodi, unakaa kwenye kigoda, na ukiondoka unaacha kigoda kimelowa. Jogoo wetu alikuwa akiwika saa tatu asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo koo lilikuwa halijafunguka.

Sisi tuliizoea. Hatukujua kwamba siku moja ingekaa kati yangu na mke.

Ilikuwa hivi.

Mara chache lori lilitumwa Tabaka kuchukua makreti ya vinyago vya mawe. Tabaka ni chini kule, kuna joto kiasi, na kuna vumbi jeupe la yale mawe laini wanayochonga. Pale kwa mchongaji mmoja, Mzee Onsongo, kulikuwa na binti yake akisugua bakuli la mawe kwa maji mpaka linang'aa. Jina lake Moraa.

Mimi nilikuwa nimevaa kabuti, saa sita mchana, kwa mazoea ya nyumbani.

Akaniangalia kutoka kofia hadi viatu. Akasema, "Kaka, wewe ni mgonjwa au ni mzigo?"

Nikamwambia mimi natoka Nyamira.

Akasema, "Basi ni mgonjwa."

Wakuu, nilikuwa nimeisha. Nilipakia makreti yale kwa uangalifu kama wa kubeba mayai, na bado nikavunja vifaru viwili vya mawe.

Tuliongea safari ile, tukaongea zilizofuata, na mwishowe akaniambia nikatume wazee kwa baba yake. Nikamtuma baba yangu mdogo, Nyaribo, kwa sababu baba yangu alikuwa amekufa, na kwa sababu Nyaribo alikuwa mtaalamu wa dunia.

Huyu Baba Mdogo Nyaribo lazima nimweleze.

Alikuwa askari wakati wa vita. Akaugua, akapelekwa Uingereza, akalazwa hospitali winter nzima. Hakutoka nje hata siku moja. Theluji aliiona kupitia dirisha. Lakini Nyamira yote ni nani mwingine aliyekuwa ameliona hata hilo dirisha? Kwa hiyo jambo lolote la baridi, iwe ndama anakohoa au chai imepoa, lilipelekwa kwake, naye aliamua.

Tulifika Tabaka. Mimi, kama ilivyo desturi, nilikaa nyuma nikinyamaza kama kreti. Mzee Onsongo alisikiliza habari za ukoo wetu, za ng'ombe wetu, za kwamba sisi ni Wasabato kama yeye. Yote aliyakubali kwa kichwa.

Kisha akasema, "Tatizo langu ni moja. Kule kwenu ni baridi. Jiwe la hapa ukilipeleka kwenye baridi, kisha kwenye moto, kisha kwenye baridi, linapasuka. Binti yangu ni jiwe la hapa."

Baba Mdogo akasema baridi yetu ni ndogo tu, ya kuchangamsha mwili.

Mzee akasema, "Dada yake aliolewa upande wa Kericho. Amerudi na kikohozi kinachosikika ng'ambo ya mto. Kuna mwingine anamtaka huyu, ana duka la nguo Kisumu. Esigani wetu amekwenda kwake akarudi akisema kule hata usiku mtu halali na shuka."

Kwa wasiojua: esigani ni mtu anayetumwa na upande mmoja kwenda kuuchunguza upande wa pili kabla ya ndoa. Anaangalia kama kuna uchawi, kama kuna ugomvi, kama kuna ugonjwa wa ukoo, kama ng'ombe wanaotajwa wapo au ni wa jirani. Neno lake ndilo la mwisho. Akisema hapana, mnarudi nyumbani mkapande mahindi.

Kwangu mimi aliongezewa kazi ambayo esigani mwingine hajawahi kupewa. Shangazi Kwamboka, dada yake Mzee Onsongo, angekuja kwetu mwezi wa saba, alale, apime baridi. Akisema inafaa, napewa Moraa. Akisema haifai, Moraa anakwenda Kisumu.

Mtauliza, kwa nini mzee asije mwenyewe?

Haiwezekani. Kwetu kuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mkwewe wala halali huko. Na wakwe hawaonyeshani mwili wala hawazungumzii mwili. Humwambii mkweo "unatokwa na jasho." Humwambii "unatetemeka." Yeye naye havui koti mbele yako, maana hiyo ni kama kuvua ngozi. Hili lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo lililotaka kutuua.

Baba Mdogo alirudi Nyamira akatangaza vita dhidi ya baridi.

Alisema, "Mzungu hashindi baridi kwa nguvu. Anaishinda kwa kuziba."

Tukaziba. Kila tundu la nyumba yangu tulilipaka samadi na udongo, na juu yake tukabandika magazeti. Pale moshi ulipokuwa ukitokea kwenye nyasi tukakandamiza majani ya migomba. Mlango ukatundikwa blanketi mbili. Tukawasha moto katikati, na mwingine kushoto, na mwingine kulia. Tukachemsha maji tukayatia kwenye vibuyu tukavipanga kitandani, kama alivyoona hospitalini, ila vya hospitalini havikuvuja.

Kisha akaingiza ng'ombe.

(Naona kuna mkuu ameshauliza huko chini kama ng'ombe kweli hutoa joto. Mkuu, ng'ombe mmoja ni jiko. Sisi tuliingiza watano na fahali.)

Na bado hakuridhika. Akaita binamu zangu, vijana wanene wanene, akawakalisha kuzunguka ukuta. Akawaambia kazi yao ni kupumua tu.

Mama yangu alikuwa akiingia na kutoka kuleta kuni na chakula. Baba Mdogo akamwambia, "Shemeji, wewe baki jikoni kwako. Kila ukifungua mlango unaingiza upepo."

Mama akamtazama, akatazama fahali, akaenda zake.

Alasiri Shangazi Kwamboka akafika.

Sasa nanyi mwelewe kule Tabaka nao walikuwa wamejiandaa. Walimpenda shangazi yao, hawakutaka afe Nyamira. Walimvalisha sweta juu ya sweta, na gauni juu ya hizo, na kabuti la kaka yake, na leso kifuani na kiunoni, na soksi za mikononi na za miguuni. Alikuwa mviringo. Mlangoni ilibidi asukumwe kidogo, lakini kwa kuwa ni mkwe hakuna aliyeweza kumgusa, tukamsukumia kondoo nyuma yake.

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Akasalimia, "Bwakire buya," kwa sauti ya mtu aliyefungua tanuri la mikate.

Akaketi. Binamu wakapumua.

Haikupita muda jasho likaanza kumtoka. Sisi tuliliona. Kulitaja ni mwiko. Yeye naye angevua kabuti, lakini mbele ya wakwe, wanaume saba na fahali? Akakaa nalo. Mikono ikaanza kumtetemeka kwa joto.

Baba Mdogo akaninong'oneza, "Anatetemeka. Baridi imempata. Ongeza kuni."

Nikaongeza.

Akaomba kitu cha kunywa. Tukampa uji wa wimbi, moto sana, wenye tangawizi.

Akaunywa. Alikuwa na heshima, yule mama. Machozi yalikuwa yakimtoka akisema uji ni mtamu. Baba Mdogo akaninong'oneza tena kwamba macho yanatoka maji kwa sababu ya baridi, alishaona kitu hicho Uingereza. Nikaongeza tena.

Nami nilikuwa nimevaa kabuti langu, kuonyesha kwamba pale kwetu baridi ipo lakini inavumilika. Gazeti lililobandikwa ukutani nyuma yangu lilianza kujikunja lenyewe. Binamu mmoja aliyeyuka. Nasema aliyeyuka kwa sababu alikuwa pale, halafu hakuwa pale, tukamkuta chini ya kitanda amekumbatia jungu la maji.

Tulikaa hivyo usiku kucha, na jua lilipochomoza Shangazi akasema anashukuru, nyumba yetu ina ukarimu mwingi, sasa aende. Alipofika nje kwenye ukungu alisimama mdomo wazi, akaunywa. Kisha akaondoka kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake.

Baba Mdogo akasugua mikono. Akasema, "Tumeshinda. Hakulalamika baridi hata mara moja."

Siku chache baadaye tukaitwa Tabaka.

Mzee Onsongo hakutupa hata maji. Alisema, "Nyaribo, nilikutumia mwanamke, umenirudishia kitambaa. Dada yangu amepungua nusu. Kule kwenu ni tanuri. Binti yangu atakauka. Heri Kisumu, kuna ziwa."

 Kwa pembeni nilimwona Moraa amesimama na bakuli la mawe mkononi, ameacha kulisugua.

Baba Mdogo akasema, "Mzee, kwetu kuna baridi. Baridi nyingi sana. Mimi mwenyewe naiogopa."

"Dada yangu ametoka huko."

"Ule ulikuwa moto tuliowasha sisi."

"Mnawasha moto wa namna hiyo kila siku?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa kwa ajili yake."

"Kwa hiyo siku zote kuna baridi, lakini akija mgeni mnaificha."

"Hatukuificha. Tuliiondoa."

"Mkaipeleka wapi?"

Wakuu, Baba Mdogo, mtu aliyekaa Uingereza, alifungua mdomo akaufunga. Nami na cheti changu nilitafuta jibu. Mpaka leo ninalitafuta.

Mzee akaendelea taratibu, kama mtu anayechonga. "Ama kwenu ni joto na wewe unaniambia uongo kwamba ni baridi, ama kwenu ni baridi na mlimdanganya dada yangu kwamba ni joto. Chagua moja."

Shangazi Kwamboka akasema kutoka kivulini, "Mimi nataka kurudi."

Kaka yake akageuka. "Kurudi wapi?"

"Huko. Sijaelewa nilichokiona. Nilipofungua mlango asubuhi kulikuwa na nchi nyingine nje."

Mzee akatugeukia. Akasema, "Haya. Mara moja tu, kisha namjibu mtu wa Kisumu. Na safari hii, Nyaribo, msifanye chochote. Msiwashe chochote. Nataka aione nyumba jinsi ilivyo."

Hapo ndipo mtu wa kawaida angerudi nyumbani akaishi kawaida. Lakini Baba Mdogo alikuwa askari. Aliambiwa msiwashe chochote, akaichukua kama amri.

Hakuwasha chochote. Hata moto wa kupikia kwenye nyumba yangu aliuzima akamwagia maji. Alibandua magazeti. Alitoboa samadi. Aling'oa mlango wenyewe akauegemeza kwenye mgomba, akisema leo baridi iingie wima. Aliondoa blanketi zote, akasema blanketi ni namna ya kuwasha. Mimi nikabaki na shati.

Tulingoja kwenye ile nyumba iliyo wazi kama kinywa.

Shangazi naye kule Tabaka alikuwa amejifunza. Alisema safari hii hapikwi tena. Akaja na gauni moja jepesi na leso moja, miguu mitupu, na kipepeo cha ukili cha kujipepea.

Alifika ukungu ukiwa umekaa tayari kwenye kigoda. Akakaa juu yake.

"Bwakire buya," akasema, na neno la mwisho likamtoka vipande vipande.

Tukakaa tukitazamana. Meno yake yalikuwa yakigonga. Yangu yalikuwa yakimjibu. Baba Mdogo alisimama penye mlango usiokuwepo akisema kwa fahari, "Hii ndiyo yenyewe, mkwe. Hatujaongeza kitu."

Basi mbingu nazo zikaamua kuongeza.

Kisii yote mnaijua mvua yetu ya mawe. Ile ya siku hiyo ilitoka upande wa Manga ikija na sauti kama lori linaloteremka bila breki. Mawe makubwa kama mayai ya bata. Moja lilimpiga beberu kati ya pembe, akashinda siku nzima akijaribu kukumbuka yeye ni mnyama gani. Pareto ililala chini. Migomba ilichanwa ikabaki nyuzi. Na uwanja wote, kutoka mlangoni hadi zizini, ukawa mweupe, mweupe kabisa, na mvuke mdogo ukipanda juu yake.

Baba Mdogo alilia machozi ya furaha. Alisema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa dirishani."

Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia Shangazi.

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Vidole vilikuwa vimekataa kushika leso. Mawe yalikuwa yakiruka mpaka ndani yakimgonga miguuni. Na hakusema neno. Hawezi kuomba nguo kwa wakwe. Nami siwezi kumpa kabuti langu, hata ningekuwa nalo, maana kumpa nguo ni kusema nimeona kwamba hakuvaa vya kutosha. Naye Baba Mdogo ana amri.

Nilielewa, wakuu, kwamba mtu huyu anaweza kufa mbele yetu kwa sababu ya heshima, na Moraa hatakwenda Kisumu wala Nyamira, atakwenda matangani.

Ndipo nikamwona mama yangu.

Alitoka jikoni kwake, akavuka uwanja kwenye yale mawe, ungo kichwani kama kofia ya chuma, blanketi lake la kulalia kwapani. Akaingia pasipo mlango. Hakusalimia. Akaketi palepale kwenye sakafu karibu na Shangazi, akalitandaza blanketi likawafunika wote wawili mpaka shingoni, mkwe na mkwe, bega kwa bega.

Hilo jambo halifanywi. Sijawahi kuliona kabla wala baada yake.

"Nyaribo," mama akasema, "washa moto."

"Shemeji, mzee alisema tusiwashe..."

"Nyaribo."

Akawasha.

Wakakaa hivyo, vichwa viwili vikichungulia kwenye blanketi moja. Kisha Shangazi akasema, "Dada, mbona ile siku ya kwanza hukuja?"

"Walinifungia nje. Walisema ninaingiza upepo."

Shangazi akavuta blanketi. Akasema, "Siku ile, huo upepo ningeulipia kwa mbuzi."

Mama akaanza kucheka kwa ndani, kama maji yanayoanza kuchemka. Shangazi akafuata. Walicheka mpaka blanketi likadondoka, wakalirudisha, wakacheka tena. Mimi na Baba Mdogo tulitazama nje kwa heshima.

Walilala nyumba ya mama, na asubuhi Shangazi aliondoka na lile blanketi begani.

Yaliyosemwa Tabaka nilikuja kusimuliwa na Moraa mwenyewe, aliyekuwa karibu akisugua jiwe lisilohitaji kusuguliwa.

Mzee Onsongo alimwuliza dada yake, "Haya. Ni baridi au ni joto?"

"Yote mawili. Na wanaume wa kule ni wajinga. Mpeleke mtoto."

"Wajinga?"

"Sana. Lakini yupo mama."

"Kwamboka, mimi niliuliza habari ya baridi."

"Nenda kapime mwenyewe."

Na hilo ndilo asiloliweza. Chinsoni haikumruhusu. Yule mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, alinipenda, alinichongea kiboko wa mawe, na alikufa bila kujua kama Nyamira ni baridi au ni joto. Kila nikifika Tabaka alinitazama nguo kwanza, akijaribu kukisia. Nami, kwa heshima, siku nyingine nilivaa kabuti, siku nyingine shati.

Ng'ombe walikwenda, Moraa akaja.

Mwezi wa saba wa kwanza nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimemtafutia kabuti zito kutoka Nakuru, sweta, soksi. Nimeziba matundu, ila yale ya lazima tu. Asubuhi naamka, kitanda kitupu. Nikatoka mbio.

Nikamkuta ameketi nje kwenye ukungu mzito, leso moja, anamenya ndizi. Anavuta pumzi ndefu kama mtu anayekunywa.

Nikamwambia, "Moraa, ingia ndani, baridi itakuua."

Akasema, "Niache kidogo. Tangu utoto nimekuwa nikivuta mawe kifuani. Hapa nikivuta pumzi, yananiingia maji ya mtoni."

"Kwa hiyo baridi unaipenda?"

"Naipenda sana."

"Na mbona hukusema, tulipokuwa tunahangaika na ng'ombe na magazeti?"

Akatupa ganda la ndizi kwa mbuzi. Akasema, "Nani aliniuliza? Mlimwuliza shangazi."

Wakuu, somo langu ni hilo na nimelilipia kwa jasho na kwa barafu. Koo mbili zilipimana joto, askari akatangaza vita, mama wa watu nusura apikwe kisha agandishwe, na mwenye mwili utakaoishi kwenye hiyo baridi alikuwa pale pale, na kazi yake ni bakuli tu. Ukitaka kumhamisha mtu mji, usiulize ukoo, wala lile dirisha la hospitali. Muulize yeye.

Hivi ninapoandika ni Julai. Moraa yuko nje na leso. Mimi niko ndani, nimevaa makabuti mawili, na mjukuu analalamika kwamba simu imeshika jasho.

Sasa leteni zenu. Kuna aliyewahi kunyimwa mke au mume kwa sababu ya hali ya hewa ya kwao? Na kama yupo mwenye jibu la lile swali la Mzee Onsongo, kwamba baridi ukiitoa nyumbani unaipeleka wapi, aliandike hapa chini. Sitaki kuondoka duniani nikiwa sijui.